Abdulaziz Mwachiti na Umeme Ulioyumba

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe juu yenu. Jumanne tulimzika Abdulaziz Mwachiti, fundi umeme wa Msambweni. Nasema fundi. Mhandisi wake, Lewis, alimwita mharibifu.

Miaka sita iliyopita, kituo binafsi cha umeme alichofanyia kazi kilikuwa na jenereta mbili. Umeme ukawa unayumba. Taa zinafifia, zinawaka, kisha giza. Lewis akawakusanya wafanyakazi wote uwanjani. "Mzee huyu hana cheti. Ndiye anayetuharibia." Akamfukuza pale pale.

Abdulaziz, miaka hamsini na mmoja, akaanza masomo ya jioni Ukunda. Mimi nilikaa naye dawati moja. Magoti yetu hayakuenea chini ya meza. Vijana walitutania, "Shikamoo, mababu wa darasa la kwanza!" Mimi niliomba nifaulu mtihani. Yeye aliomba jingine.

Mkewe, Bi Hanifa, anakumbuka: "Kila alfajiri, 'Yarabi, usinichukue kabla Lewis hajaaibika.' Nikamwuliza, baba watoto, dua gani hiyo? Akasema, 'Wewe itikia amina.'"

Marehemu alinieleza chanzo cha myumbo ule hivi. Wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja, hupokezana. Wote wakiharakisha, michi hugongana. Lewis alikaza vidhibiti vya mwendo vya jenereta zote mbili ili vijibu upesi. Zikawa zinavutana, na myumbo ukakua. Dawa ilikuwa kulegeza. Kosa halikuwa la Abdulaziz. Narudia: halikuwa la Abdulaziz.

Mwaka jana, umeme ungali unayumba, wenye kituo walimwita. Akapima myumbo, akauchora karatasini, akalegeza vidhibiti kidogo kidogo. Mawimbi yakafa, mstari ukalala.

Lewis akampigia simu. "Mzee wangu, nisamehe."

"Uliniumbua uwanjani, waniomba radhi simuni? Njoo uwanjani."

Lewis hakwenda. Alikuja mazishini, akachota udongo. Shemeji wa marehemu akamshika mkono: "Uweke chini. Ameusia usimfukie." Akauweka, watu wote wakitazama. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Bi Hanifa na watoto, poleni sana. Mola amrehemu. Nasi tujiulize: tuliyemsingizia mbele ya watu, tumemsafisha mbele ya watu?

Mhandisi Lewis, najua wasikiliza. Wanaotusikia ni wengi kuliko uwanja ule, na simu ya studio iko wazi. Sasa tunanyamaza dakika moja kwa ajili ya marehemu. Dakika hiyo ni yako.