Sukanti Meher na Vidonge Vilivyongoja Harusi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Sukanti Meher, mfumaji wa sari wa kijiji chetu cha Kendupali, aliyefariki akiwa na miaka arobaini na minne. Amekufa kwa ugonjwa wenye dawa. Narudia, maana linauma: ugonjwa wenye dawa, na dawa yenyewe hutolewa bure.

Kazi ya Sukanti ilikuwa kufunga nyuzi kabla hazijatiwa rangi, ili ua litokee pale pale linapotakiwa. Kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Mwaka jana sari zake zikaanza kuharibika: katikati safi, pindo zote mbili ovyo. Mumewe, Pitabas, akamtania kwamba uzee umemwingilia pembeni. Kumbe mwenzake alikuwa haoni tena kushoto wala kulia. Kichwa kikamgonga kutwa. Maziwa yakamtoka, na kitinda mimba wake, Kuntala, ana miaka ishirini na mmoja! Akaona haya, akajifunga kitambaa kifuani, akanyamaza.

Mjini, picha ya kichwa ilionyesha uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, tezi ndogo kama punje ya njegere. Madaktari wakaukata kupitia puani. Kijiji kizima kikamhurumia. Majirani walimletea wali na dalma, mchuzi wa dengu na mboga, ya moto kila siku.

Wiki mbili baadaye majibu ya maabara yakatoka. Ulikuwa kifua kikuu.

Sukanti alibisha. Kifua kikuu cha kichwani, na yeye hakohoi? Daktari akamweleza kwa upole kwamba hujificha hata kwenye tezi ile, kikafanana na uvimbe mpaka picha yenyewe isitofautishe. Ameze vidonge mwaka mzima au zaidi, atapona.

Hapo ndipo tulipomuua, wasikilizaji. Ndiyo, sisi. Kuntala alikuwa ameposwa, na desturi yetu mnaijua: upande wa bwana harusi hutuma mtu kuwauliza majirani, nyumba ile ina maradhi gani. Uvimbe hauvunji posa. Kifua kikuu huivunja. Na mhudumu wa afya angeleta vidonge mlangoni, watu wanatazama.

Sukanti akakificha cheti cha majibu. Akamwambia mumewe, "Baba Kuntala, waache waseme uvimbe. Mtoto akishaolewa, nitavimeza hata gunia zima."

Pitabas aligoma siku tatu, kisha akakubali. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu tu. Lakini mnajimu akasema tarehe ile haifai, na miezi ya mvua haifungwi ndoa, ingojewe mpaka baada yake. Miezi minne. Sukanti akangoja. Mhudumu alipokuja aliambiwa mama anatumia dawa za mjini. Kuntala mwenyewe hakujua lolote.

Mwezi wa tatu wa kungoja, shingo ilikakamaa. Akawa anamwita Kuntala kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye utando wa ubongo. Harusi hakuiona.

Siku ya kumi ya matanga alifika Harapriya, mama wa bwana harusi. Pitabas akamwambia ukweli wote, akijua posa imekwisha. Mama yule akakaa chini sakafuni.

"Si angeniuliza mimi? Vidonge hivyo nilivimeza mwaka juzi, nikapona. Nilivificha kwenye pipa la mchele, nikiogopa watu wakijua tutanyimwa binti."

Jamani!

Pole sana, Pitabas. Pole, Kuntala. Ulinitaka nitaje ugonjwa wa mama yako kwa jina lake, nami nimeutaja.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Mgeni akija barazani, akitaka kujua jirani yako anaumwa nini, utamjibu vipi? Mimi nilishaulizwa, miaka sita iliyopita, kuhusu nyumba inayopakana na ya Sukanti. Nikajibu kwamba kuna kifua kikuu, nikidhani natenda wema. Binti wa nyumba ile hajaolewa mpaka leo, na Sukanti alikuwa akimwona kila asubuhi.