Kenge, Padri Nusu na Kidonge cha Asubuhi

Siku serikali ilipokiruhusu tena kile kidonge, habari ilinikuta dukani nimeinamia saa ya mkononi ya mke wa mwokaji. Redio iliposema tu, nikageuka mlangoni nimwambie Kenge. Mlangoni hapakuwa na Kenge, wala benchi. Benchi liling'olewa manispaa walipotandaza vigae vipya kuzunguka bustani ya mji, na Kenge alikuwa ameshatangulia kwenye makaburi ya mlimani. Zamani hapo mbele ya duka langu, hapa Santa Rosa de Copán, ungekuta watu wanne tangu ukungu haujapanda: kahawa ya Bi Lastenia mkononi, mkate mtamu wa semita magotini, na redio yangu ndogo dirishani ikitupa cha kubishania. Nimekaa mbali na kelele zile miaka mingi sasa. Kazi yangu inakwenda vizuri zaidi, na ningeitupa yote nipate asubuhi moja tu kama zile.

Mimi waliniita Robosaa, kwa sababu kila mteja nilimwambia saa yake itakuwa tayari baada ya robo saa. Kenge jina lake Eleuterio, dereva wa lori mstaafu. Alipenda kukaa ncha ya benchi palipopata jua kwanza, macho nusu wazi, shingo imetulia. Ncha ya pili alikaa Olvin, tuliyemwita Padri Nusu, maana aliwahi kusoma seminari akaiacha katikati. Hakuoa. Alikuwa akifundisha watoto kinanda kanisani, na hakuna aliyejua vizuri zaidi lini anyamaze. Katikati tulibanana mimi na Profesa, mwalimu wa zamani aliyetusomea magazeti kwa sauti ya darasani hata tulipokuwa tumeshayasoma.

Mwaka ule wa 2009, Bunge lilikuwa linataka kupiga marufuku kidonge cha dharura, kile mwanamke anachomeza kesho yake ili mimba isishike. Kutoa mimba kwetu kulikuwa marufuku tangu zamani, kwa hali yoyote. Sasa ilikuwa zamu ya kidonge. Kila asubuhi redio ilimleta mchungaji, ikamleta daktari. Daktari akasema kidonge kinachelewesha yai kutoka, na kama mimba imeshashika hakiifanyi kitu. Mchungaji akasema hayo ni maneno ya kulainisha, mimba ni mimba. Kisha wakafungulia wasikilizaji simu, na taifa zima likawa daktari.

Na sisi pia. Profesa alikuwa na hakika kwamba kidonge kililetwa ili wachuma kahawa wapungue, halafu wageni watuuzie mashine za kuchumia. Aliieleza nadharia hiyo vizuri kiasi kwamba Bi Lastenia alisahau kumtoza kikombe cha pili. Kenge akasema hilo dogo. Kuku wa shemeji yake aliokota kidonge kimoja jalalani na hakutaga mpaka Pasaka. Profesa akauliza kama jogoo alihojiwa. Kesho yake kuku wakawa watatu, na keshokutwa yake kijiji kizima ng'ambo ya mto kilikuwa hakina yai. Tulicheka mpaka mwokaji akatoka kuangalia.

Ila Kenge hakuwa anatania kama tulivyodhani. Alianza kupiga simu redioni. Alikuwa akisimama kwenye kibanda cha simu upande wa pili wa barabara, na sisi tunamsikia mara mbili, kwa redio ya dirishani kwangu na kwa sauti yake mwenyewe kutoka kibandani. Huko hakutaja kuku. Alisema kidonge leo, kesho sindano, keshokutwa mabinti watapasuliwa vichochoroni, na damu yao itakuwa juu ya wabunge. Sauti ilikuwa inamtetemeka. Mtangazaji akampenda, akawa anamwita mzee wetu wa Santa Rosa.

Aliporudi benchini siku ya tatu au ya nne, Padri Nusu akamwambia, polepole kama kawaida yake:

— Eleuterio, hao mabinti unaowalilia ndio wanaokihitaji.

Tulishtuka. Kwanza kwa jina. Hakuna aliyemwita Kenge kwa jina lake benchini. Pili, sote tulidhani mtu aliyekaribia upadri angekuwa upande wa mchungaji.

— Wewe hujui unalosema, — Kenge akajibu.

— Najua kuliko unavyotaka nijue.

Basi, tangu hapo wakanuniana. Walikuja kama kawaida, wakakaa kila mtu kwenye ncha yake, lakini maneno yao yakawa yanapita kwetu. Mwambie rafiki yako asogeze gazeti. Mwambie rafiki yako gazeti halina miguu. Mimi na Profesa tukawa wapagazi wa maneno. Mwanzoni ilichekesha. Baada ya juma moja nilianza kuchelewa kufungua duka makusudi.

Ndipo akaja yule mwandishi wa habari kutoka mji mkuu. Aliitwa Gissela, msichana mpole mwenye viatu visivyofaa kwa mawe ya barabara zetu. Gazeti lake lilimtuma akusanye maoni ya mikoani, na mwokaji akamwelekeza kwetu kana kwamba sisi ni ofisi. Akanunua kahawa, akaweka kinasa sauti kwenye goti, akatuacha tuseme. Profesa akatoa mashine zake za kuchumia. Kenge akatoa hotuba yake ya redioni, safari hii bila kutetemeka, maana ameshaizoea. Padri Nusu akasema hana la kusema. Mimi nikasema kitu fulani cha pande zote mbili, kama fundi asiyetaka kupoteza wateja.

Msichana akashukuru. Akazima kinasa sauti, akakitia mkobani, akamalizia kahawa yake. Kisha akauliza, hata si kwa kazi tena, aliuliza tu:

— Wazee wangu, kuna kati yenu anayemjua mwanamke hata mmoja aliyewahi kuwa katika hali hiyo?

Redio ilikuwa inacheza marimba. Profesa, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akaanza kukunja gazeti. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Si kwamba hatukujua la kujibu. Kila mmoja wetu alikuwa amepata jina kichwani, na naamini mimi na Profesa tulipata jina lilelile.

— Hapana, binti, — Kenge akasema. — Hapa kwetu hayupo.

Msichana akaaga, akashuka na barabara akichagua mawe ya kukanyaga. Tulimtazama mpaka akakata kona. Hapo Padri Nusu akasema, bila kugeuza kichwa:

— Umemkana.

Jina hilo lilikuwa Herlinda, na lazima niseme hapa alikuwa nani. Alikuwa dada mdogo wa Kenge, msichana mrefu, mcheshi, aliyefanya kazi ya kupiga pasi nyumbani kwa tajiri mmoja wa tumbaku. Olvin alipokwenda seminari mji mkuu alimwacha hapa, na vijana wa rika letu tulijua kwamba atarudi kwa ajili yake. Mama yake Olvin ndiye aliyetaka padri, si yeye. Mwaka wa sabini na nne, majira ya mvua, Herlinda akafariki. Familia ilisema kidole tumbo. Tulimzika hivyo, tukampa Kenge mkono hivyo, na Olvin alipoiacha seminari akarudi, tulimweleza hivyo. Mji mzima ulikuwa unanong'ona jingine, lakini mbele ya wale wawili hakuna aliyelisema, na wao wenyewe kwa wenyewe hawakulisema. Miaka thelathini na tano walikaa benchi moja.

Nilidhani Kenge atanyanyuka aondoke. Akasema, akiwa anaitazama barabara:

— Aliniambia asubuhi yake. Mpwa wa yule tajiri alimfungia ndani ya chumba cha pasi Jumapili, wenzake wako misani. Jumatatu asubuhi akaja kwangu. Mimi nikamwambia aoge, anyamaze.

— Ungemwambia nini kingine, — Profesa akasema kwa upole.

— Sikuwa na kingine. Hakikuwepo. Baadaye ilipojulikana ana mimba, akamfuata yule mama wa ng'ambo ya mto aitoe. Akarudi ana homa. Basi.

Padri Nusu alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili.

— Sasa unaona, — akasema. — Jumatatu ile angekuwa na pa kwenda, asingefika ng'ambo ya mto.

— Na mimi naona yule mama wa ng'ambo. Kila nikisikia dawa, kidonge, sindano, namwona yeye na beseni lake. Nataka visiwepo vyote. Chochote kinachofanana na lile beseni kisiwepo.

Majuma yote yale nilidhani wanagombana juu ya sheria, kumbe kila mmoja alikuwa amemshika Herlinda mkono, anamvuta upande wake ili asife. Hawakukubaliana siku ile, na sitawadanganya: hawakukubaliana kamwe. Mwaka huohuo kidonge kikapigwa marufuku, Kenge akasema vyema, Padri Nusu akasema ni aibu, na walikufa kila mtu na msimamo wake. Ila Kenge hakupiga simu redioni tena. Mtangazaji aliuliza mara mbili mzee wetu wa Santa Rosa kapatwa na nini. Na maneno yao hayakupita kwetu tena.

Lakini asubuhi ile ilikuwa bado haijaisha. Bi Lastenia alikuwa ameinamisha birika kuonyesha kwamba kahawa imekwisha, akaanza kufunga vikombe vyake ndani ya kitambaa. Profesa akanikanyaga mguu, maana yake tuwapishe. Nilikuwa nimeshasimama kwenye kizingiti cha duka, mgongo kwao, nilipomsikia Olvin akiuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

— Aliniulizia?

— Aliuliza basi la kutoka mji mkuu linafika saa ngapi. Siku nzima alikuwa anauliza hilo tu.

— Ukamwambia nini?

— Nilimwambia liko njiani.

— Lilikuwa njiani?

— Maji yalikuwa yamechukua daraja, — Kenge akasema. — Ila alipouliza mara ya mwisho, nilimwambia nimeshasikia honi.