Mama Glavu Anavua Glavu

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kupambana na ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo, afisa wetu wa chanjo anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake rasmi limo kwenye faili. Sisi na wafugaji tunamjua kama Mama Glavu.

Alianza kwa kuosha chupa za sampuli maabara, akaenda kusoma, akarudi afisa. Ndiye aliyetuzoesha kwamba ng'ombe akitupa mimba, swali la kwanza si la ng'ombe: nani alimsaidia kwa mikono mitupu, na nani anakunywa maziwa yake? Watu waliokuwa wakimeza dawa za malaria mwezi baada ya mwezi aliwafikisha zahanati mwenyewe, wakapimwe brusela, yaani ugonjwa huo huo ukimwingia mtu. Kwenye chai hakuna aliyemponyoka. Hata mkurugenzi aliulizwa kama maziwa yamechemka au yamepata moto tu.

Lakini siku tuliyomvulia kofia ni ile ya mtamba. Mfugaji mmoja, kwa kuogopa kukosa chanjo ya bure, alificha kwamba mtamba wake ana mimba, kwani wenye mimba hawachanjwi. Akachanjwa, akaitupa. Uvumi ukasambaa kwamba chanjo inaua ndama, na kila zizi likafungwa, huku watoto wakiendelea kunywa maziwa yenye ugonjwa.

Sisi tulitaka mfugaji aumbuliwe. Mama akakataa katakata. Alisema mwenye sindano ndiye aliyepaswa kupapasa tumbo kwanza. Kesho yake akapakia kwenye pikapu mtamba wake mwenyewe, wa pekee nyumbani kwake, akamkabidhi mfugaji mbele ya majirani na kuomba radhi.

Mfugaji akashindwa kumpokea yule mtamba. Akakiri mbele ya wote kwamba yeye ndiye aliyeficha. Kisha akasema ndani ana binti ambaye homa na maumivu ya viungo yamemlaza kwa miezi, akaomba naye apimwe. Pikapu iliyoleta mtamba ikampeleka hospitali, na ugonjwa ulikuwa ndio huo huo. Mazizi yakafunguliwa moja baada ya jingine.

Mama, tunakushukuru kwa moyo wote, na tunakutakia uzee mwema wenye afya. Tafadhali geuka utazame mstari wa pili wa viti hapa ukumbini. Yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni ndiye yule binti. Amekuja kwa miguu yake.