Kiganja Juu ya Injini Baridi

Tajiri ambaye mabasi yake yalikuwa yakitengenezwa pale hakubisha hodi. Alileta gari mpaka mlangoni mwa karakana, akashuka na kopo la petroli mkononi.

"Fundi, kesho mkunga anakuja hapa kuangalia jenereta langu la dizeli, anataka kulinunua. Linusishe hii kidogo, liwake. Akishalichukua, shauri yake."

Fundi Kiganja alitema mate pembeni. "Bosi, unanitia kichefuchefu. Ondoa kopo lako hapa."

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye fundi tuliyempoteza juzi. Kwa nini alichefuka? Injini ya petroli ina plagi. Plagi hutoa cheche, petroli ikawaka. Dizeli haiwashwi kwa cheche. Narudia, haiwashwi kwa cheche. Injini yake hubana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa ya moto mkali, na dizeli ikirushwa humo inashika moto. Injini ikichakaa, hewa huvuja. Ikiwa baridi, haiwaki. Lakini ukiinusisha petroli, yaani ukiivutisha mvuke wake pamoja na hewa, au ukiipasha moto mapema, inawaka na kumdanganya mnunuzi. Halafu siku moja inagoma, mama yuko kwenye uchungu, chumba giza.

Binti yake, fundi pia, anakumbuka: "Baba alimwahidi mkunga, 'Dada, sitakwambia chukua kabla sijaigusa ikiwa baridi.'"

Kesho yake tajiri yule alitangulia kufika na jenereta lake. Mkunga alipoingia, jenereta lilikuwa limenyamaza, safi, limefutwa vumbi.

"Haya fundi, washa!"

Fundi aliweka kiganja juu ya injini. Akakitoa haraka.

"Umeliwasha huko ulikotoka. Uchafu gani huu? Tunasubiri lipoe."

"Ukisubiri, mabasi yangu yote yanaondoka hapa leo."

"Yaondoke. Kiti ulichokalia tu ndicho ubakishe, ni changu."

Binti alimvuta shati. "Baba, mabasi hayo ndiyo yanatulisha."

"Najua, mwanangu. Niletee sabuni. Huyu bwana alinipa mkono."

Kwa binti huyo na ndugu zake wote, poleni sana. Nasi tunaopasha vitu vyetu moto kabla watu hawajafika, leo tujitazame viganja.

Siku ile mabasi yalitoka moja baada ya jingine. Fundi aliyatazama yote, hakuinuka. Alasiri aligusa injini tena. Baridi. Akaizungusha. Ikakohoa, ikakohoa, ikanyamaza.

"Dada," akamwambia mkunga, "usichukue."