Mluzi Kati ya Wimbo wa Pili na wa Tatu

Wasikilizaji wapendwa, tulieni. Kama unatafuna, tafuna taratibu. Leo tunamkumbuka mtu.

Hii ni redio ya shule yetu, inayosikika mabwenini, bwaloni, na upepo ukikubali, hadi kwenye duka la donati pale chini ya kilima. Wiki iliyopita, katika kipindi hiki hiki, nilisoma tanzia ya supu ya Jumatano. Mkuu wa shule hakucheka. Alisema, "Kama unapenda sana tanzia, soma za watu." Basi leo nasoma ya mtu. Na nawaambia mapema, wapendwa: ningependelea supu.

Jina lake ni Normand Gaudette. Narudia, Normand Gaudette, muuza santuri wa hapa Worcester. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita asubuhi, dukani kwake, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Hakuoa. Ameacha dada mmoja, Bi Jeannine, na maboksi ya santuri ambayo lori moja haliwezi kuyabeba.

Santuri gani? Panki, wasikilizaji, ule muziki wa gitaa na makelele. Tena panki kali, ile ya mwanzoni mwa miaka ya themanini, ambayo wimbo mzima unakwisha kabla hujafunga kamba ya kiatu, na mwimbaji anaimba kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Vijana walijirekodi wenyewe, wakachapisha nakala mia mbili au tatu, wakakunja majalada kwenye meza ya jikoni ya mama, wakaziuza kwenye buti la gari. Leo watu wazima wenye mvi na mikopo ya nyumba wanazililia. Wanazitafuta duniani kote. Na wakizitafuta sana, walifika kwa Normand.

Duka lake lilikuwa chini ya saluni ya kucha, kwa hiyo panki yote ya Worcester inanukia rangi ya kucha. Sisi wa bweni tulikuwa tunashuka Jumamosi. Yeye alikuwa mrefu, amejikunja, kwenye sweta lile lile. Alikuwa akiichukua santuri anaiinamisha chini ya taa, anaitazama kama mama anayetazama koo la mtoto mgonjwa. Na ukiishika vibaya, ole wako.

"Kingo! Shika kingo! Unaishika kama kipande cha piza! Huko kilimani mnafundishwa nini?"

"Kilatini, mzee."

"Basi iombe radhi kwa Kilatini."

Na niliiomba, wapendwa. Alisubiri hadi nikamaliza.

Normand aliuza kila kitu. Narudia, kila kitu. Ukimtajia bei nzuri, angekuuzia hata kiti alichokalia. Isipokuwa santuri moja. Hiyo hakuiuza hata mara moja. Hiyo aliinunua tu.

Ni santuri ndogo ya bendi moja ya hapa hapa mjini iliyojiita Meno ya Jirani. Ilirekodiwa kwenye tamasha, mbele ya watu, ikachapishwa nakala mia tatu. Kila ilipotokea mahali, iwe Ohio, iwe Ujerumani, Normand aliinunua. Nilimpigia simu Dwight Ostrander, mkusanyaji wa santuri wa kule Providence, anieleze.

"Sisi tulimwona Normand anazikusanya," Dwight aliniambia. "Tukasema, huyu mzee anajua kitu. Tukaanza kuzitafuta na sisi. Bei ikapaa. Mimi niliandika kurasa kumi nikimsifu mpiga ngoma."

"Kwani mpiga ngoma ni mzuri?"

Dwight akashusha sauti. "Mpiga ngoma ni janga, kijana. Lakini nilikuwa nimeshalipa."

Sasa, wapendwa, sogeeni karibu na redio.

Turudi Februari ya mwaka themanini na tatu, siku ya Jumamosi. Matamasha ya panki yalikuwa mchana, ili wale wasioruhusiwa baa nao waingie. Normand alikuwa na miaka kumi na sita. Alikwenda kwenye ukumbi wa askari wastaafu kuwaona Meno ya Jirani. Nyumbani mama yao alikuwa ameweka maharage kwenye oveni, kama kila nyumba ilivyofanya Jumamosi, na mkate wa kahawia pembeni. Maharage yakikaribia kuiva, kaka mkubwa alitumwa kuwaita wadogo zake. Kaka huyo aliitwa Roland. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Roland hakuwa akiita kwa mdomo. Alikuwa akipiga mluzi. Noti tatu, ya mwisho ikipanda. Na kwa kuwa jino lake la mbele lilikatika kwenye mchezo wa magongo ya barafuni, ile noti ya mwisho ilivuja upepo. Mtaa mzima uliujua mluzi wa Roland Gaudette. Hakuna mwingine aliyeuweza. Watoto walijaribu wakaishia kutema mate.

Siku hiyo gari lililobeba spika lilikwama kwenye theluji. Tamasha la mchana likaanza giza likiingia. Mmoja wa bendi akaweka kinasa sauti ukingoni mwa jukwaa. Wakapiga wimbo wa kwanza. Wakapiga wa pili. Na kabla ya wa tatu, Normand akasikia mluzi kutoka mlangoni.

Akamjua kaka yake. Akajifanya hakusikia. Nyimbo zilikuwa bado.

Aliporudi nyumbani, jikoni kulikuwa kumejaa majirani. Roland alikuwa amegongwa na lori la kuondoa theluji. Alikuwa amekufa.

Normand alimwambia mama yake, "Nilimsikia. Alinipigia mluzi pale mlangoni. Sikutoka."

Mama akamshika uso kwa mikono miwili. "Basi alifika," akasema. "Alifika kwako."

Msimu wa maua santuri ikatoka. Normand akainunua, akaiweka kwenye gramafoni. Wimbo wa kwanza. Wimbo wa pili. Na pale katikati, kwa sekunde chache, ulikuwemo. Narudia kwa walioingia sasa hivi kutoka bafuni: mluzi wa kaka aliyekufa ulikuwa ndani ya santuri.

Mimi niliwahi kumkuta. Nilishuka dukani siku ya mvua, hakuna mteja, nikasikia kutoka chumba cha nyuma: mwisho wa wimbo, makofi machache, kitu chembamba, halafu sindano ikainuliwa. Tena: makofi, kitu chembamba, sindano. Tena. Nikachungulia. Normand alikuwa ameinamisha kichwa, jicho moja amelifumba.

"Mzee Normand, imekwama?"

Hakugeuka. "Haijakwama," akasema. "Inapungua."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa wazee.

Haikuwa mzaha, wapendwa. Sindano hula santuri. Kila ukiipiga, inachukua kidogo. Ngoma hubaki miaka na miaka, hata ngoma mbovu, hiyo ndiyo bahati yetu mbaya. Lakini sauti nyembamba za juu ndizo huondoka kwanza. Mluzi hauna maisha marefu. Normand alikuwa akiusikiliza hadi unazama kwenye mchakacho, halafu anatafuta nakala nyingine. Ndiyo maana alinunua zote alizoziona. Hakuwa akizikusanya. Alikuwa akizimaliza.

Baada ya mazishi, Bi Jeannine alifungua kabati la kaka yake. Akazikuta. Zimepangwa wima, kila moja kwenye mfuko wake. Akatoa moja, akaiinamisha kwenye mwanga. Nyeusi, inang'aa, kama mpya. Isipokuwa pete moja nyembamba ya kijivu, mahali pamoja, kati ya wimbo wa pili na wa tatu. Akatoa nyingine. Pete ile ile. Nyingine. Pete ile ile, mahali pale pale. Alizitoa hadi sakafu ikajaa. Moja tu haikuwa na pete. Ilikuwa haijawahi kuguswa na sindano.

Alhamisi alipanda nayo kilimani. Mimi nilikuwa nimempigia simu mapema kumuuliza tarehe ya kuzaliwa ya marehemu, kwa ajili ya kipindi hiki. Akaingia studio na theluji mabegani.

"Wewe ndiye mtoto wa tanzia ya supu?"

"Ndiye mimi, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Ilikuwa nzuri, hasa pale kwenye karoti. Mna gramafoni nzima hapa?"

Nikamwambia tunayo. Nikamwambia pia kwamba Dwight amepiga simu mara tatu. Kuna bwana mmoja wa Osaka anaitaka nakala hiyo safi, na Dwight karibu alie. "Mwambie asiipige!" alinipigia kelele sikioni. "Haijaguswa! Akiipiga mara moja tu, basi, imekufa!"

"Dwight ni mjinga," alisema Bi Jeannine. "Ananunua vitu asivyosikiliza." Akakaa, lakini hakunipa santuri. Alikuwa ameishika kwa kingo.

Ndipo aliponiambia. Na ameniruhusu niwaambie.

"Roland hakufika ukumbini," alisema. "Aligongwa mchana. Polisi walibisha hodi nje kukiwa bado na mwanga, maharage hayajaiva. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mimi ndiye niliyefungua mlango. Hakuvuka hata daraja la kwenda ukumbini."

"Lakini tamasha..."

"Tamasha lilianza giza likiingia. Najua kuhesabu, mwanangu."

Normand alipokuja na habari yake ya mluzi, mama alimshika Jeannine mkono pembeni. Akamwambia, muache, usimtajie saa. Naye hakumtajia. Mama akazeeka, akafa. Jeannine bado hakumtajia.

"Mara ngapi nimeshuka dukani nimejiandaa kumwambia," alisema. "Namkuta ameinamisha kichwa, anasikiliza. Namwekea pai ya nyama mezani, naondoka. Aliniambia nisisikilize, nitaumia. Sijawahi kuusikia huo mluzi. Hata mara moja. Sasa nataka kujua. Kama ni mlevi fulani alikuwa akipiga mluzi, basi kaka yangu amemaliza maisha yake yote kwa ajili ya mlevi, na mimi nimemtazama tu."

"Na kama ni Roland, Bi?"

Akanipa santuri. "Weka."

Nikaweka, wasikilizaji. Mikono ilikuwa safi. Sindano ikashuka. Wimbo wa kwanza, mtu aliyebanwa kidole. Wimbo wa pili, kidole kingine. Halafu ukaisha. Makofi machache. Mtu akakohoa. Mtu akacheka mbali, mtu ambaye leo ana zaidi ya miaka hamsini, au hayupo.

Halafu mluzi.

Mnajua mimi huwa na la kusema. Hata siku hiyo nilikuwa nimeandaa utani mmoja, mzuri tu, kwa ajili ya kumpoza mgeni. Sikuusema. Zilikuwa noti tatu. Ya mwisho ilipanda, na ilipofika juu, ikavuja upepo. Haikusikika kama inatoka kwenye spika. Ilisikika kama inatoka kwenye korido, nyuma ya mlango wetu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeufunga.

Wimbo wa tatu ukaanza. Nikamgeukia Bi Jeannine nione kama analia. Hakuwa akilia. Hakuwa hata amekaa. Alikuwa amesimama, anavaa koti, haraka haraka, vifungo vimekosea matundu.

"Bi Jeannine? Ni yeye?"

"Jino lile," akasema. "Ni nani mwingine?"

"Unakwenda wapi? Theluji inaanguka."

Akanitazama jinsi dada anavyomtazama mdogo wake mzembe.

"Kwani hukusikia?" akasema. "Tunaitwa."

Akatoka. Nilimwona kupitia dirishani. Alisimama kwenye ngazi za shule, akatazama upande huu, akatazama upande ule, kisha akateremka kilima mbio mbio kama msichana wa miaka kumi na moja. Nilisahau kuinua sindano. Santuri ilijipiga yenyewe hadi mwisho.

Ijumaa asubuhi nilimpigia simu. Kwa muda mrefu haikupokelewa, na katika muda huo, wapendwa, nilikumbuka sala zote ninazozijua, pamoja na za Kilatini. Halafu akapokea. Alikuwa anatafuna.

"Nimefika salama. Usinipigie simu kama polisi."

"Samahani, Bi. Na santuri? Bwana wa Osaka anauliza."

"Haiuzwi. Ikae huko kwenu. Na usiipige tena." Akameza. "Asije akaisha."

Ninayo hapa mbele yangu, kwenye mfuko wake. Fundi wetu wa mitambo amekuwa akinionyesha kwa ishara tangu kipindi kianze kwamba niipige hewani, mara moja tu. Sitaipiga. Ninyi pia mna kaka zenu.

Kwa Bi Jeannine Gaudette, tunakupa pole kwa Normand. Na pole kwa Roland, uliyoingoja tangu ukiwa mtoto. Kwa wote walioshika santuri vibaya wakafokewa, poleni. Dwight, pole na wewe, ingawa kwa sababu nyingine. Mungu awapokee wana wa Gaudette, na awaweke meza moja.

Nasi tuliobaki tutafakari. Hii ni saa ya chakula cha jioni. Huenda hapo ulipo kuna mtu anakuita mezani, na wewe umejifanya umezama kwenye kipindi changu. Kipindi chenyewe si kizuri hivyo. Zima redio, uende. Hata mimi, tangu Alhamisi, nikiitwa naenda.

Ila kwanza huchungulia ni nani.