Maman Bibiane M'Cirhuza na bonde la kalinzi

Padri, wakubwa wa ukoo, bamama wa ushirika, majirani wa Panzi na wa Mumosho, nanyi nyote mliopanda mpaka hapa, walio na viti wakae, wasio na viti watuvumilie, nitasoma bila kuwachelewesha.

Juzi Alhamisi, tarehe 13 Juni 2024, tulikuwa Mumosho tunapiga maharagi juu ya turubai, fimbo mikononi, mawingu yamejikusanya upande wa Ruzizi, ndipo ndugu yangu Hugues akapiga simu kutoka hospitali, Ibanda, akasema, "Fabiola, maman amekwenda", na bamama wote wakasimama fimbo zikiwa hewani. Tulilia, tukasali Salamu Maria moja, kisha tukamaliza kupiga na kufunika mavuno kabla mvua haijaanguka, kwa sababu yeye aliyekufa ndiye aliyetufundisha kwamba haragi lililokwisha kukauka likilowa tena, halifai kuwekwa mbegu, na hakuna aliyetaka kumzika akiwa na kosa hilo mkononi.

Mimi ni Fabiola, binti yake wa kwanza, na ninasoma kwa niaba ya familia.

Mama yetu, Bibiane M'Cirhuza, alizaliwa Mumosho tarehe 4 Mei 1958, mtoto wa tatu wa Papa Cirhuza, mkulima na mtengenezaji wa kasiksi, pombe ya ndizi, na wa Maman Eulalie, ambaye wengi wenu mlimjua kwa ukali wake. Alibatizwa mwaka uleule, akasoma shule ya msingi ya parokia kuanzia 1964 hadi 1970, akafaulu, akaendelea na sekondari kwa miaka miwili, halafu akaachishwa ili kaka zake wasome, na jambo hilo alilisimulia bila machozi, lakini sisi binti zake tulimaliza sekondari sote, hata ule mwaka ambao nyumba yetu haikuwa na mlango.

Tarehe 22 Julai 1978 alifunga ndoa na Papa Aloys Zagabe, dereva wa lori, wakahamia Bukavu, mtaa wa Panzi katika komini ya Ibanda, wakajaliwa watoto sita, wawili walitutangulia wakiwa wadogo, na sisi tuliobaki ni mimi, Hugues, Charlène aliyeolewa Walungu, na Aganze, kitindamimba. Papa alifariki tarehe 9 Septemba 2006 kwa ugonjwa wa moyo, mama akabaki mjane wa miaka arobaini na minane, anauza unga wa muhogo katika soko la Kadutu, na ni kwa unga huo alitulisha.

Unga wenyewe uliletwa na wanawake wa Mumosho, migongoni, kamba kwenye paji la uso, na mama aliona kwamba wanawake hao wanaolisha mji walifika sokoni hawajala kitu. Aliwauliza kwa nini, wakamjibu kwamba shamba si lao. Kwa wale wasiotoka kwetu nieleze kidogo, kwamba kuna njia mbili za kulima ardhi ya chefu, ya kwanza ni bwasa, unakodi kwa msimu, na shamba likianza kuzaa vizuri mwenyewe analichukua, ya pili ni kalinzi, unampa chefu ng'ombe mara moja, na ardhi inabaki kwako na kwa wazao wako. Bwasa ilikuwa ya wanawake, kalinzi ilikuwa ya wanaume, na hakuna aliyewahi kuuliza nani alipanga hivyo.

Mwaka 2011 mama alianzisha ushirika wa wakulima wanawake wa Mumosho, wakakodi bonde lililokuwa matete matupu, wakachimba mifereji. Mradi wa kwanza uliokuja kuwasaidia uliwapa kofia, fulana na mafunzo ya siku tano, bonde likazaa kabichi kubwa kama vichwa vya watoto, na msimu uliofuata mwenye bonde, aliyelisimamia kwa niaba ya chefu, akalirudisha mikononi mwake, akasema asante kwa mifereji. Mama alirudi Panzi siku ile amevaa ile kofia, akaitia jikoni, ikawa ya kushikia sufuria za moto.

Mwenye bonde hakuiweza mifereji, matete yakarudi, yakamshinda, mwaka 2016 akawakodisha tena, na mwaka huohuo ushirika ulipata msaada kutoka mfuko mmoja wa ng'ambo, ulioundwa na watu Weusi, wajukuu wa wakulima, ili kusaidia ushirika wa wakulima Weusi popote walipo, na vyakula vya vijijini viliwe kwanza na wanavijiji wenyewe. Mfuko huo ulilipa majembe, mbegu, ghala na mifugo midogo, lakini mama alipoomba ng'ombe wa kumpa chefu, jibu lilikuwa hapana, zawadi kwa mkubwa haiingii katika mradi.

Mwezi wa Februari 2017 mgeni wa mfuko alifika, bibi Mweusi wa makamo, akaingia bondeni na viatu vyake vizuri, matope yakamfika magotini, bamama wakampenda papo hapo. Akiwa amesimama humo alisimulia, kwa njia ya mkalimani, kwamba babu yake pia alikuwa na shamba kwao, akafa bila kupanga nani atalishika, watoto na wajukuu wakawa wengi, mmoja akauza sehemu yake, na mwishowe wote wakalipoteza. Mama akamuuliza, "Na banamuke balikuwa wapi?" na yule bibi akajibu, "Shambani", wakatazamana, hawakuhitaji mkalimani tena.

Katika mifugo midogo walipewa kuchagua, mbuzi, sungura au dende, zile ambazo wengine huziita simbilisi, na bamama wote walikuwa wanataka mbuzi, lakini mama akakataa, akawaambia, "Mbuzi itaingia kwako asubuhi, mangaribi bwana yako ameipeleka kwa mukwe. Sasa muniambie, ni mwanaume gani wa Mumosho atapeleka dende kwa mukwe?" Walicheka mpaka wakakaa chini, wakachukua dende. Zililala jikoni karibu na moto, zikala maganda na majani, zikazaana, watoto wakala nyama, na kila mama alitoa sehemu ya uzao kwa ushirika, zikapelekwa soko la Walungu kubadilishwa na mbuzi, na hizo mbuzi zikafugwa kwa wajane watatu, ambako hapakuwa na mwanaume wa kuziangalia kwa jicho la harusi.

Mama alimwendea chefu wetu wa wakati ule kabla hata mbuzi wa kwanza hajapatikana, akaomba kalinzi ya bonde lile, na chefu akamcheka mbele za watu, "Bibiane, weye uko muke, unataka kalinzi? Utaniletea dende mia tatu? Nitazilalisha wapi, mu kitanda yangu?" Mama akampigia magoti kama desturi inavyotaka, akamjibu, "Chefu, utalala muzuri, nitakuletea kitu yenye inalalaka inje." Tarehe 16 Novemba 2019 alimpelekea ng'ombe jike mwenye mimba, na chefu, ambaye sasa naye ni marehemu, alikuwa mtu wa neno, akampokea. Alikataa jambo moja tu, hakutaka kalinzi iwe ya kundi, alisema anahitaji kichwa kimoja cha kuita akiwa na neno, basi ikawekwa juu ya jina la mama, na Hugues akiwa shahidi. Mama aliwaandikia wale wa mfuko waziwazi, kwamba dende zenu zimekuwa mbuzi, mbuzi wamekuwa ng'ombe, ng'ombe amekwenda kwa chefu, na kama ni kosa niambieni, nao wakajibu kwa kuongeza miaka mitatu ya msaada.

Tangu hapo bonde limetoa maharagi, kabichi, mchicha wetu wa lengalenga na viazi, watoto wa shule mbili wanakula saa sita mchana, kinachobaki kinapanda Kadutu, na wanawake wanaokileta wamekula kabla ya kuondoka nyumbani. Kati ya kazi zote alizofanya, hiyo ndiyo aliyoisema kwa mdomo kuwa inampendeza, na hakuwa mtu wa kusema kitu kinampendeza.

Ugonjwa wa sukari ulianza mwaka 2020, aliuchukulia kama jirani msumbufu, anamsalimu na kuendelea na kazi, mpaka Aprili mwaka huu figo zilipochoka, akalazwa Ibanda, akahudumiwa vizuri, akafariki juzi saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita, mkono wake ukiwa katika mkono wa Hugues.

Sasa nasoma jambo ambalo familia imeniagiza nilisome, kwa maana kwetu neno lililosomwa mbele ya jeneza, watu wakasikia, ni vigumu mtu kulirudisha nyuma.

Jana jioni ukoo uliketi Panzi, sebuleni mwa mama, kuamua nani atashika kalinzi, na bamama wa ushirika walikuwa uani wanapika, dirisha likiwa wazi, wakisikia kila kitu, kwa kuwa Jumatatu wanatakiwa kufungua mifereji ya kiangazi na hawakujua kama bonde bado ni lao. Tonton Cyprien, mdogo wake papa, alisema kama mkubwa anavyopaswa kusema, "Hugues, kalinzi inafuataka mutoto mwanaume, si miye nilipanga. Weye unapanga nyumba ya bantu mpaka leo, na kuko muntu anatafuta pale pa kujenga, atakulipa muzuri. Bamama batapata fasi ingine, bamezoea." Nilimwangalia ndugu yangu, ana mke, ana watoto wanne, nyumba anayopanga inavuja, na bei ya bonde lile kwa maisha yake ni kitu kikubwa, sikujua atasema nini, na sitadanganya mbele ya Mungu kwamba nilijua.

Maman Maombi, makamu wa mama katika ushirika, alipaza sauti kutoka uani, "Papa Hugues, utujibu mapema, bugali isiungue!" Hapo Hugues akasema, "Tonton, siku ile ngombe inapelekwa kwa chefu, miye nilishika kamba tu. Kushika kamba si kuwa mwenye ngombe." Na akaendelea, kwamba kwa kuwa desturi inamtaka mrithi aende mwenyewe kujionyesha kwa chefu mpya, atakwenda, lakini atakwenda na Maman Maombi, na huko, mbele ya mashahidi, atamweka yeye mahali pake, na baada yake yeyote ambaye ushirika utamchagua. Muzee Apollinaire, aliyetumwa na chefu kutuliza ukoo, alikuna kidevu, akasema kwamba mrithi akitoa kwa mkono wake mwenyewe, chefu hana la kukataa, ila wasisahau kasiksi ya kunywa siku hiyo.

Tonton Cyprien aliuliza, "Na sisi ba ukoo tutakula nini?" Kabla hatujajibu, sauti ya Maman Maombi ikaingia tena dirishani, "Tonton, kuja kwanza ukule hii yenye iko tayari, Jumatatu utakuja kulima!" Watu walicheka msibani, na yeye tonton akacheka, yupo hapa, anaweza kunisahihisha.

Kwa hiyo, mbele ya Muzee Apollinaire, mbele ya Padri na mbele yenu wote, familia ya marehemu Aloys Zagabe na Bibiane M'Cirhuza inasema kwamba bonde la Mumosho ni la wanawake wanaolilima, leo na kwa watoto wao, na sisi watoto wa tumbo lake hatutalidai. Mwenye neno aliseme sasa, nitanyamaza kidogo.

Basi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwosha na kumgeuza kitandani kama mama yao, majirani wa Panzi waliotuazima viti, sufuria na vijana wa kubeba, wauzaji wenzake wa Kadutu waliofunga meza zao leo, Padri na kwaya, wale wa mfuko wa ng'ambo waliotuma pole na kuuliza kwanza kama mifereji itafunguliwa Jumatatu, ndipo wakauliza habari za maziko, jambo ambalo marehemu angelikubali, na bamama wa ushirika, ambao hatuwashukuru kama wageni, maana wao ni wenye nyumba.

Jambo la mwisho ni hili. Baada ya maneno yale ya jana chakula kiligawiwa, bugali, maharagi mapya na sambaza kidogo, dagaa wa ziwani, mimi nikapita na sahani kama kawaida ya mtu mwenye watoto, nikihesabu midomo, Hugues na mke wake, Charlène na watu wake wa Walungu, Aganze, wajukuu wote mpaka yule aliyelala chini ya meza, Muzee Apollinaire, bamama wa ushirika waliokaa mlangoni wakakataa viti, na Tonton Cyprien, aliyeongezewa mara mbili. Hakuna aliyeondoka kwa hasira, hakuna aliyekosa, na sahani zilitosha.

Pumzika kwa amani, maman, wote wapo na wote wamekula.