Dhamana Iliyomtaka Asimame

Kaka yetu, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkunga. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975, na baada ya sekondari akasomea upimaji ardhi, akahitimu mwaka 1984. Wengi wenu mlimwita Vigingi, maana mipaka ya viwanja vyenu aliipigilia yeye.

Alifunga ndoa mwaka 1990. Asubuhi ya harusi aling'oa turubai akalisimika upya, akidai limekaa upande. Wifi yetu, akisubiri garini, alisema kumbe anaolewa na kamba na vigingi. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2019 alimpimia mfanyabiashara mmoja shamba. Baadaye ikadaiwa kuwa shamba lile lilinunuliwa kwa fedha za wizi, na ujira wa kaka ukahesabiwa humo humo. Juni 2021 polisi walimkamata akinywa chai, akashtakiwa kwa utakatishaji wa fedha. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa ni dume: hakimu wa kwanza alimpa dhamana, upande wa mashtaka ukakata rufaa, dhamana ikafutwa kabla hajatoka mahabusu. Kila tulipoomba upya tuliambiwa upelelezi haujakamilika. Sisi tulikata tamaa polepole. Yeye alikuwa ameshatutangulia kuikata.

Mwaka wa pili figo zikaanza kufa. Alilazwa hospitali, mkono mmoja umefungwa pingu kitandani. Ndipo mahakama ya juu ikairudisha dhamana, kwa sharti kwamba afike mwenyewe kutia saini mbele ya hakimu. Wifi alikwenda.

"Mheshimiwa, hawezi hata kuketi."

"Mama, amri inasema afike. Akipata nafuu, mleteni."

Aliporudi wodini alimsimulia kaka. Kaka akasema, "Usiende tena kuwabembeleza. Kaa hapa na mimi."

Akakaa. Kaka alifariki mchana wa tarehe 22 Februari 2024. Askari wa zamu alipiga simu kuomba ruhusa, ndipo akaifungua pingu.

Jumatatu kesi ilifutwa, kwa kuwa mshtakiwa hayupo tena. Hakuna shahidi hata mmoja aliyesikilizwa, kwa hiyo hakuna mahakama itakayosema kuwa hakukosa. Tunalisema sisi hapa kaburini, tukijua halitafika popote.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na sisi dada zake watatu. Mungu amlaze pema. Sisi hata kitandani kwake nyumbani tulishindwa kumrudisha.